Nakaanga mahamri usiku, mchana nasinzia darasani: nihame nyumbani au nivumilie?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, kwetu ni Malindi, Barani, nko mwaka wa tatu chuoni Kilifi nasomea ualimu, Kiswahili na historia. Jina langu tafadhali usiliweke maana huku kwetu watu wajuana, na mamangu akiisoma hii ataona nimemuanika.

Shangazi mimi nshachoka. Nianze tu hivyo kwa sababu sijui pa kuanzia.

Mamangu anauza mahamri na mbaazi hapo mlangoni kwetu, ni biashara ya miaka, watu wa mtaa wamemzoea, hata vijana wa bodaboda hupita hapo kwanza kabla ya kuanza kazi. Kila siku ni unga kilo sita, Ijumaa hata nane, na tangu magoti yaanze kumsumbua mwaka jana kusimama kwa karai hawezi tena, kwa hivyo kukanda ni mimi, kusukuma ni mimi, kukaanga ni mimi, yeye anakaa pale mkekani anatia mbaazi nazi na kuuza. Naamka saa tisa na nusu usiku. Wakiadhini alfajiri nshatoa karai la tatu, naswali, naoga, saa kumi na mbili nko stage maana darasa la kwanza ni saa mbili na matatu haitoki mpaka ijae. Ndugu yangu wa miaka 17 yuko fomu foo, saa hizo bado amelala. Nikirudi ni magharibi, kuna vyombo, kuna nazi za kesho za kukuna, asaimenti naifungua saa nne usiku na simu mkononi nasinzia nayo, nikiamka naipata chini ya mto imekufa chaji.

Semista hii tuna yuniti saba. Wenzangu wa grupu wakutana laibrari saa kumi na moja jioni, na mimi saa hiyo nko kwa matatu, tena wakati mwingine nimesimama. Juzi mmoja akaandika kwa WhatsApp ya grupu kwamba kuna watu wanataka jina lao liwe kwa karatasi tu. Hakunitaja lakini najua alikuwa ananisema mimi.

Sasa kilichonivunja ni hiki. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na CAT ya historia, ule mtihani mdogo wa katikati ya semista, saa mbili asubuhi. Nilipanda matatu ya Mombasa mapema kabisa, nkakaa kiti cha dirisha, nkasema nisome noti. Nakumbuka Gede, nakumbuka kama tumepita Matsangoni hivi. Nlichosikia baadaye ni konda aniuliza, dada, we si ulisema Kilifi? Tuko Vipingo. Shangazi nililia pale kando ya barabara mpaka mama mmoja muuza machungwa akanipa kiti. Nilipofika chuoni CAT ishaisha. Kwa wenzangu nilisema matatu iliharibika. Kwa mwalimu sijaenda mpaka leo, naona haya. Nyumbani hawajui.

Na kuna la pesa. Mwezi wa sita injini ya mashua ya babangu ilikufa. Na wewe wajua kusi ikivuma, hata mashua nzima haitoki kila siku, sembuse isiyo na injini. Pesa zangu za HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi, zikaingia wiki hiyo hiyo, nkampa elfu kumi na nane. Yeye na mamangu wanadhani ni pesa serikali inawapa wanafunzi hivyo tu, sijawahi kuwaambia ni deni na limeandikwa kwa jina langu. Babangu alisema kaskazi ikianza atanirudishia. Kaskazi ni Novemba, mtihani ni Agosti, karo imebaki na bila kuimaliza kadi ya mtihani sipati.

Kuna mwenzangu wa darasani amepanga chumba karibu na chuo, elfu tano kwa mwezi, ananiambia twende tugawane, nilipe 2,500. Nikaona hapa ndipo pa kupumulia. Nkasema nyumbani. Babangu akasema msichana halali nje ya nyumba ya babake kabla hajaolewa, labda iwe kwa jamaa. Mamangu hakusema kitu, aliendelea kuchagua mbaazi, halafu akasema haya mwanangu, enda, sisi tutajua. Hiyo tutajua imeniuma mpaka sasa. Khalati yangu wa Mnarani nilimgusia kwa simu, akasema nivumilie, mama ni mama.

Imebaki wiki saba. Nihame hata kama hawataki? Au nivumilie hivi hivi mpaka nifeli? Ama nidifa semista, yaani niiahirishe, nikae nyumbani mpaka mambo yatulie? Faida ya mahamri siku nzuri ni mia sita, mia saba, na nauli yangu mia nne kwenda na kurudi, siku nne za darasa kwa wiki, inatoka hapo hapo, kwa hivyo nikisema nahama naona kama nawaachia njaa. Wallahi sijui.

Mimi mwana wa Barani

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale Vipingo kando ya barabara nimekaa hapo na wewe kwa muda. Kwanza pole. Mtu anayelala muda wa saa nne au tano tu kwa usiku, tena wiki baada ya wiki, mwili wake utajilipa wenyewe popote utakapopata kiti, na wewe ulijilipia kwenye kiti cha dirisha. Naona unajibeba kama mzembe. Mzembe haamki saa tisa na nusu.

Mimi nimekulia Lamu, mtaa wa Langoni, na mamangu alikuwa akiuza mikate ya mofa. Nikiipeleka kwa wateja kabla ya shule, sinia kichwani, vichochoro bado giza na punda wamelala njiani, darasani nikifika nanuka moshi na macho hayafunguki. Kwa hivyo sikuandikii kama mtu asiyejua karai lina joto gani.

Sasa niyaseme kama nilivyoyaelewa, unirekebishe nikikosea. Umeniuliza jambo moja, nihame, nivumilie au nidifa, lakini ndani ya barua naona mambo matatu yamefungwa kitita kimoja. Kuna usingizi na kazi ya nyumbani. Kuna CAT uliyoikosa. Na kuna pesa. Umeyafunga pamoja ndiyo maana kila ukiuinua mzigo hauinuki, na ukiniuliza mimi, kuhama kwenyewe kunagusa lile la kwanza tu. Ukihama kesho, mwalimu wa historia bado hujamuona na elfu kumi na nane bado ziko kwenye mashua.

Nianze na CAT kwa sababu hiyo ndiyo ndogo ingawa wewe waiona ndiyo kubwa. Vyuo vingi hapa Kenya hesabu ni 30 za CAT na 70 za mtihani, na kupita ni 40. Kama yuniti yako ina CAT mbili za 15 kila moja na moja imekwenda, bado kuna 85 mbele yako na unatafuta 40. Sisemi haiumi, alama 15 ni alama 15, na kuna vyuo vikiona nafasi ya CAT iko wazi hiyo yuniti haikamiliki, lakini mlango haujafungwa. Kilicho hatari hapa ni kukaa kimya. Mwalimu mwenyewe ndiye mwenye uwezo wa kukupa nyingine au kukupa kazi ya kuandika, na kila wiki inayopita anazidi kukuona kama mtu asiyejali. Anaweza kukataa, hilo ulijue ukiingia kwake. Na ule uongo wa matatu kuharibika, mimi ningeuacha nje ya mlango wake. Ukweli wako wenyewe una nguvu zaidi: nililala kwa matatu kwa sababu naamka saa tisa kukaanga mahamri. Mwalimu wa chuo Kilifi hatakuwa analisikia hilo kwako kwa mara ya kwanza, nakuhakikishia, watoto wa wavuvi na wa mama mahamri wamejaa madarasa hayo.

Na ikiwa utafeli hiyo yuniti, ni sapu, yaani mtihani wa kurudia. Sapu ina gharama zake, vyuo vingi ukiipita unaandikiwa 40 tu hata ungefanya vizuri vipi, na kwa mwanafunzi wa ualimu anayetaka karatasi nzuri hiyo inauma. Lakini haimalizi masomo ya mtu.

Kuhusu kudifa, hapa nakuomba usiamue usiku ukiwa umechoka. Kudifa kunaombwa kwa barua, kuna siku za mwisho, na semista ikishafika katikati wengi hukubaliwa kwa ugonjwa au msiba na karatasi za kuonyesha. Halafu kuna yuniti ambazo hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa hivyo unadhani umedifa miezi minne kumbe ni mwaka, wenzako wamekwenda TP, mazoezi ya kufundisha, wewe unasubiri. Na HELB nao inabidi wajulishwe. Lakini swali langu kubwa ni hili: ukidifa ukakaa nyumbani, utapumzika? Au kilo sita zitakuwa kumi kwa sababu sasa upo? Wewe ndiye unayeijua nyumba yenu. Kama mwili umefika mahali pa kuanguka kweli, basi enda hospitali uandikiwe, na hapo kudifa kuna maana nyingine kabisa.

Sasa tuje nyumbani, hapa ndipo moyo wako ulipo.

Naona unahisi mamako hawezi bila wewe. Nalisikia, na huenda ni kweli. Lakini niruhusu nikuonyeshe kitu ulichokiandika bila kukiona. Ndugu yako wa miaka 17 umemtaja mara moja tu, na ulipomtaja alikuwa amelala. Najua, yuko fomu foo, mtihani wake ni mwisho wa mwaka na yeye pia anastahili usingizi, simtupii karai. Ila kukuna nazi ya kesho na kuosha vyombo ni kazi ya saa moja, na hiyo saa moja kwako ni asaimenti nzima. Kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia? Ama kila mtu, na wewe ukiwemo, amechukulia kwamba mbuzi ya nazi hukaliwa na msichana? Sikulaumu, na mamako simlaumu, sote tumelelewa hivyo, mimi kakangu sikumwona akikuna nazi hata siku moja. Lakini sasa magoti ya mamako yamebadilisha kila kitu kwenye hiyo nyumba isipokuwa mgao wa kazi.

Kisha kuna unga wenyewe. Wanakanda saa ngapi wengine hapo mtaani? Kuna wanaokanda baada ya ishaa na hamira kidogo tu, unafunikwa, alfajiri ni kusukuma na kukaanga. Kwa joto la Malindi mwezi wa pili unga ungechacha, lakini msimu huu wa kusi usiku kuna kaubaridi, unaweza kujaribu na kilo mbili kwanza. Pengine unapata saa nzima ya kulala. Pia zile siku nne za darasa, lazima ziwe kilo sita? Zikiwa nne mamako atapoteza kiasi gani, mmewahi kukaa mkahesabu? Na kuna binti yeyote wa jirani ambaye angefurahi kupata mia moja mia na hamsini kwa kukaanga saa mbili? Najua itakula faida. Lakini nilipoondoka Lamu kwenda kusoma Mombasa nilikuwa na hakika mikate ya mamangu imekwisha, nililia kwenye boti mpaka Mokowe, na mamangu akamchukua binti wa nyumba ya tatu na wateja wakaendelea kula. Nilifurahi, na pia niliumia kidogo, kuona kumbe pengo langu lilizibika. Haikuwa rahisi kwake, miezi ya kwanza alipungukiwa. Sisemi kwenu itakuwa hivyo, magoti ya mamangu yalikuwa mazima.

Hicho chumba nacho nimekifikiria sana. Umeniandikia hesabu mwenyewe lakini hukuijumlisha. Mia nne kwa siku, siku nne, ni 1,600 kwa wiki, yaani 6,400 kwa mwezi zinaishia barabarani kati ya Malindi na Kilifi. Chumba ni 2,500. Ukiondoa hapo zinabaki 3,900 za kula mwezi mzima, kama 130 kwa siku, na kwa 130 utashiba maharage na ugali siku nyingi tu. Kwa hivyo ile hofu kwamba ukihama unawaachia njaa, kwa upande wa nauli sio lazima iwe hivyo. Lakini hesabu hiyo haina mkaangaji ndani yake, uiongeze. Na kuna mambo mengine: huyo mwenzako analala saa ngapi, ana wageni, ni mtu wa kelele? Wangapi wamehama ili wasome wakapata chumba ndicho ukumbi wa darasa zima. Na mwenye chumba atataka mkataba wa wiki saba tu au wa mwaka?

Hatari kubwa zaidi naiona kwa babako. Ukiondoka kwa lazima utapata usingizi, sina shaka, lakini utaupata na dhiki ndani yake, na wewe kwa nilivyokusoma si mtu wa kusoma vizuri akijua nyumbani kumenuniwa. Ila sikiliza maneno yake tena. Alisema labda iwe kwa jamaa. Huo mlango aliuacha wazi mwenyewe na wewe ukaupita. Khalati yako yuko Mnarani, ni kuvuka daraja tu na uko chuoni. Wiki zile mbili tatu za mtihani, au siku za darasa pekee ukirudi nyumbani Alhamisi jioni kuikuta Ijumaa ya kilo nane, je, hilo babako angelikataa? Hata hapo sijui, khalati huenda ana watoto wadogo na ukajikuta umetoka karai moja umeingia jingine, na yeye tayari amekwambia uvumilie. Huenda alisema hivyo kwa sababu ulimgusia tu. Alijua unalala muda wa saa nne tu kwa usiku? Alijua la Vipingo?

Maana hapa ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole sana. Nani anajua haya yote uliyoniandikia mimi? Wenzako wana habari ya matatu iliyoharibika. Mwalimu hana habari yoyote. Wazazi wako wanajua una pesa za serikali na unataka kuhama. Ukijiweka kwenye nafasi ya mamako pale mkekani, anachoona ni binti aliyempa babake elfu kumi na nane mwezi wa sita na mwezi wa saba anataka kulipa chumba. Hajui kuna deni. Hajui kuna kadi ya mtihani. Hiyo tutajua yake wewe umeisikia kama hasira. Inaweza kuwa hasira. Inaweza pia kuwa ni mwanamke anayetazama magoti yake akahesabu kilo sita kimyakimya, akaona haya kukwambia usiende kwa sababu yake, akakuruhusu kwa maneno ya kwanza yaliyomjia. Mimi siwezi kujua kutoka hapa, na wewe pia hujui, kwa sababu hamjakaa mkaulizana.

Na hilo la deni usiliache lilale. Mkopo wa HELB unakusubiri wewe ukimaliza masomo, na una riba. Babako mvuvi, anajua deni ni nini, ameshawahi kukopa kwa tajiri wa samaki au anamjua aliyekopa. Naamini ukimwambia, hatakuona umemsimanga, ila chagua wakati, usimwambie siku aliyorudi mashua tupu. Pengine uanze na mamako peke yenu, mkichagua mbaazi. Anaweza kuumia, anaweza hata kukuuliza kwa nini ulituficha, ujiandae kwa swali hilo na ulijibu kweli. Elfu kumi na nane hazitarudi kabla ya Novemba hata mkikaa kikao cha ukoo, lakini wakijua, wanaweza kuuliza kwa ami, kwa chama cha mamako kama yuko kwenye chama, wakusaidie hata kipande. Na wewe huku uliza bursari ya wadi na ya CDF, ile ya eneo bunge, kama bado wanapokea fomu, na pita ofisi inayoshughulikia karo uulize kama wanakubali kulipwa kidogo kidogo kwa maandishi. Wengine hukubali, wengine hawakubali. Vyuo pia vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na mshauri huko hakulipishi, nenda hata kama ni kukaa tu nusu saa na mtu akusikilize uso kwa uso, maana mimi nakusikia kwa karatasi.

Hao wa grupu, yule aliyeandika kwa WhatsApp, waambie kwamba jioni hupatikani lakini unaweza kuandika sehemu yako Jumamosi ukaituma. Mengine sio lazima wayajue.

Utakavyoamua kuhusu chumba, kuhusu Mnarani au kubaki Barani, ni wewe utakayelala hapo na kuamka hapo. Mimi ningependa tu uamue siku ambayo umelala saa saba mfululizo, hata kama ni Jumapili moja mamako auze mbaazi na chapati za jirani. Na kesho ukipanda matatu mwambie konda mapema, niamshe Kilifi kabla hamjavuka daraja, makonda wengi husikia wakiambiwa vizuri. Ukishamuona mwalimu wa historia niandikie alisema nini, hata mistari miwili.

Shangazi